Punda wa Nkuhungu, Dodoma, kwa kipimo cha 1:9: shajara ya mradi

14 Juni

Elfu tatu, farasi wa kuchezea wa mtumba. Muuzaji alianzia elfu saba, nikamwonyesha sikio lililovunjika na alama za meno kwenye kwato, akashuka mwenyewe. Pale Sabasaba, sokoni, robota la vitu vya watoto likifunguliwa, vya kuchezea humwagwa peke yake juu ya turubai, na mimi huchuchumaa nikachakura pamoja na watoto wa watu, mama mzima wa miaka arobaini na kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Huyu alikuwa chini kabisa, amelaliwa na magari yasiyo na matairi. Nilimjua kwa mkono kabla ya jicho. Farasi wengi wa kuchezea ni wepesi na wanabonyea, huyu ni mkavu, ukimgonga kwa ukucha analia kama kikombe. Nikamgeuza: ndani ya paja la nyuma, alama ya Breyer.

Kwa mgeni wa ugonjwa huu: Breyer ni kampuni ya Marekani iliyoanza kutengeneza farasi mwaka 1950 huko Chicago. Walikuwa mafundi wa kumimina plastiki tu, wakaombwa na watengeneza saa, Mastercrafters, wawafanyie farasi wa kusimama kando ya saa ya mezani. Watu wakaipenda sanamu kuliko saa. Tangu hapo wapo wakusanyaji, na wakusanyaji hawakuishia kupanga kabatini, walianza kushindanisha. Meza inapangwa, mwamuzi anapita, anamkagua farasi wa plastiki kama anavyokaguliwa farasi mwenye damu: mguu umekaa sawa? Rangi hii ipo kweli katika kizazi hiki? Kila Julai hukusanyika Lexington, Kentucky, kwenye BreyerFest, tangu mwaka 1990. Mimi nauli hiyo sina. Ila yapo maonyesho ya picha, kama yale waliyokuwa wakifanya zamani kwa kutumiana bahasha za posta. Siku hizi ni simu na bando.

Ninao kumi na wanane, wote wa mitumba. Na tatizo la farasi wa mitumba ni moja: kwenye daraja la sanamu zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani, mkwaruzo mmoja unakutupa nje. Mwaka mzima nimeshika mkia. Sasa huyu wa leo simtaki abaki kama alivyo. Nitamkata.

22 Juni

Nitamfanya punda. Uamuzi huu umenichukua wiki nzima na sijui kwa nini, maana jibu linapita mlangoni kwangu kila asubuhi likiwa na madumu manne. Nimeishi Dodoma tangu ofisi yetu ihamishwe kutoka Dar, na farasi hai niliowaona hapa hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Punda nawajua kwa mlio.

Nilimsubiri mzee wa maji na futi ya cherehani mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo madumu mangapi?"

"Leo sitaki maji, babu. Naomba nimpime punda."

Alinitazama, akamtazama punda. "Unamshonea suruali?"

Alikubali nilipomwonyesha sanamu, au pengine alikubali kwa sababu nilinunua na maji. Urefu kutoka chini hadi mabegani: sm 109. Sikio: sm 25. Kwato ya mbele imesimama wima, nyembamba, si bapa kama ya farasi. Ukigawa 109 kwa tisa unapata sm 12.1, na hapo ndipo nilipopiga makofi peke yangu barabarani. Farasi wangu ni wa kipimo cha 1:12, yaani mdogo mara kumi na mbili kuliko farasi wa kweli, wale Breyer wanaowaita Classics, na mabegani ana sm 12.4. Yaani farasi wa kipimo kidogo anakuwa punda wa kipimo kikubwa, na 1:9 ndicho kipimo ambacho waamuzi wamekizoea zaidi. Hizo milimita tatu ninazo mahali pa kuzitoa: nundu ya mabega, ambayo kwa punda karibu haipo.

Kuna kitu kimoja sikukiona mpaka mzee alipoinua mguu wa mbele kumtoa mwiba. Ndani ya mguu, juu ya goti, kuna sugu nyeusi ya duara, kubwa kama kifungo cha koti. Nikauliza kama ya nyuma ipo. Akasema hajawahi kuitafuta. Tukaitafuta. Haipo. Alikuwa na punda wengine wawili wamesimama kivulini, nao hawana. Farasi ana sugu nne, na sanamu yangu inazo zote nne, zimechongwa vizuri kabisa. Mbili za nyuma lazima ziondoke. Mwamuzi anayejua wanyama hawa ataangalia hapo kabla ya masikio.

5 Julai

Kukata. Kwanza nilimtoboa tumboni kwa keekee ndogo ya kuazima, maana sanamu hizi ni tupu ndani, nusu mbili zilizobandikwa, na hewa iliyofungiwa ikipata joto inatafuta pa kutokea. Kisha msumeno wa chuma: mkia, singa za shingo, zile za utosini, na sikio lililobaki. Plastiki yake ni selulosi asetati, inayotokana na nyuzi za mimea, na ukiisugua ikapata moto inanuka siki. Mwanangu aliuliza kama napika achari.

Punda hana nywele za kuangukia usoni. Singa zake zimesimama kama brashi ya viatu, na mkia wake ni wa ng'ombe: mwembamba, kishada mwishoni. Nimeujenga kwa waya wa kufungia nondo uliofunikwa na gundi ya epoksi, ile ya sehemu mbili unayoikanda kama unga wa chapati. Inakupa saa moja hivi ya kuifinyanga, halafu kesho yake ni jiwe. Masikio nimerudia mara tatu. La kwanza lilikuwa la sungura. La pili lilikuwa sawa kwa vipimo, sm 2.8, lakini limekaa kama jani limebandikwa. Sikio la punda huanzia kwenye bomba jembamba, likapanuka, likajipinda kuelekea mbele. Nilitoka nje kumwangalia mwenye nayo ndipo nikaelewa.

Huko Kentucky wiki hii ndiyo sherehe yenyewe inakaribia, simu yangu imejaa picha za masanduku yanayofungwa kwa safari. Nimeizima.

19 Julai

Sugu za nyuma zimetoka kwa msasa namba 400 na maji. Nundu ya mabega imeshuka. Kiuno nimekijaza kidogo, matako nimeyapunguza, maana punda nyuma yake imechongoka, haina yale mapaja ya mkimbiaji.

Mwenzangu mmoja katika hobi hii, yuko Ulaya, aliniuliza kwa nini nchi yenye punda kila kona isiwe na farasi. Nikamwandikia jibu refu, nalifupisha hapa. Upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, kirusi kinachosambazwa na visubi wanaouma usiku. Farasi asiye na kinga akiupata, mara nyingi hana wiki. Punda wa Afrika na punda milia wanaweza kuubeba bila hata kukohoa. Ongeza mbung'o na malale ya mifugo kwenye mapori yaliyokuwa kati ya pwani na bara. Misafara iliyopita Ugogo karne ya 19 ilibebwa zaidi na mabega ya watu, na mnyama akiongezwa alikuwa punda. Kumbe si umaskini wala si kwamba watu hawakuwapenda farasi. Akajibu kwa neno moja, "Visubi!", na alama nyingi za mshangao.

9 Agosti

Nimefanya ujinga. Nilikuwa nimeziba tundu la tumbo, limekauka, nikajisifu. Jana nikamchukua kwenda naye ofisini ili nimpige msasa saa ya chakula. Kikao kikaingiliana, akabaki kwenye gari, kwenye kioo cha mbele, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Agosti Dodoma asubuhi unavaa sweta, ndiyo, lakini gari lililofungwa juani ni tanuri. Nilipofungua mlango tumbo lilikuwa limevimba, na mshono wa mgongoni umeachia kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu.

Nilimwonyesha mzee jioni, kwa aibu. Akapapasa tumbo kwa kidole gumba, kwa makini kabisa. "Huyu ana mimba. Mwache."

Sikumwacha. Nimetoboa tena, nikammwagia maji ya moto kwa kijiko mahali palipovimba, nikabana kwa vitambaa na mpira, nikamlaza usiku kucha. Limerudi, si lote. Upande wa kushoto una kitambi ambacho sitaki kukisugua zaidi, na ukweli ni kwamba punda wa mzee nao wana vitambi. Safari hii tundu nimeliacha wazi, dogo, chini ya tumbo, mahali pasipoonekana. Wakongwe huliacha hivyo hivyo. Nilisoma hilo mwaka jana na nikaona ni uvivu.

24 Agosti

Rangi. Nilianza na praima ya kijivu ya kopo la kupuliza. Dodoma mwezi huu upepo unaamka saa tatu na kulala saa moja usiku, kwa hiyo napuliza alfajiri, kwenye boksi la televisheni lililokatwa upande mmoja. Mara ya kwanza nilichelewa nusu saa tu. Upepo ukageuka, vumbi la barabara likamnatia mzimamzima. Kuna sauti iliyoniambia mwache, punda wa Dodoma si ana vumbi? Lakini hesabu haisemi hivyo. Chembe ya mchanga ya nusu milimita mgongoni mwake ni kokoto ya karibu milimita tano mgongoni mwa punda wa kweli. Nikamvua rangi yote ya ubavu wa kulia, siku mbili zimekwenda.

Rangi yenyewe naijenga kwa chaki za wachoraji: unakwangua kwa wembe kupata unga, unapaka unga mkavu kwa brashi laini, unafunga kwa vanishi isiyong'aa, inakauka, unarudia. Niko kwenye tabaka la tisa. Nilidhani punda ni kijivu. Kaa naye dakika kumi juani utaona shingoni ana rangi ya udongo, mbavuni majivu, na kwapani, tumboni, mdomoni na kuzunguka macho ana weupe wa uji. Mdomo ule mweupe nimeupaka mara nne. Ukizidi anaonekana amelamba unga, ukipungua anakuwa farasi tena.

Halafu msalaba: mstari mweusi kutoka singa hadi mkia, na mwingine unaoukata mabegani. Jirani yangu, mama wa kwaya ya Anglikana, alisimama mlangoni akaniambia msalaba ule punda aliupata Jumapili ya Matawi. Watu wa mifugo wanasema ni urithi wa punda mwitu wa Nubia, na wote wawili nimewaitikia. Nilichojifunza kwa brashi ni kwamba mistari ile haina kingo. Ukiipaka kwa rula unapata godoro.

13 Septemba

Wiki tatu za vitu vidogo, na sijawahi kufurahi hivi.

Daraja ninalolitaka si la uzuri tu, ni la kazi: mnyama anaonyeshwa akifanya jambo, na kila kamba lazima iwe mahali pake na iwe na sababu. Dumu la lita 20 nimelipima, kimo sm 39, kwa hiyo langu ni sm 4.3. Nimechonga moja kwa epoksi, nikatoa kalibu kwa plasta, nikamimina manne. Yangekuwa matupu ndani yangechukua mililita 27, vijiko viwili vya mezani havijai. Rangi ya njano haikunipa tabu. Tabu ilikuwa doa. Dumu la maji linalofanya kazi lina weusi wa mkono kwenye mshikio, na limefifia upande unaokaa juani.

Chini ya madumu panakaa magunia yaliyokunjwa. Gunia halisi halifai, nyuzi zake kwa kipimo hiki ni nene kama nondo. Nilijaribu amerikani, ikawa shuka. Bendeji ya duka la dawa iliyochemshwa kwenye majani ya chai ndiyo ilikubali. Na kamba za mzee si kamba: ni vipande vya tyubu ya baiskeli, vyeusi, upana wa sm 3. Tyubu yenyewe ni nene mno, nikanunua pulizo la sherehe, jeusi, nikakata ukanda wa milimita tatu na nusu. Mpira wa pulizo ukivutwa unang'aa. Uguse kwa unga wa chaki.

Fundo ndilo lilinishinda. Nilikuwa nimefunga fundo la kawaida, la zawadi. Mzee aliweka miwani, akakata shauri kwamba mzigo wangu ungeanguka kabla ya kona ya kwanza. Akachukua ukanda wake mwenyewe akanionyesha: tyubu haifungwi fundo, inavutwa mpaka inalia, inazungushwa mara mbili, ncha inachomekwa chini ya yenyewe, na uzito wa dumu ndio unaoibana. Kufungua ni kuvuta ncha tu. Mikono yake ina nyufa pana kuliko ule ukanda niliokuwa nimeshika. Nilirudia mezani kwangu mpaka saa sita usiku kwa kibano cha nyusi, na tatu kati ya nne zimekaa.

Alipokuwa anafunga aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba alikuwa na punda watano. Wawili waliibiwa usiku mmoja, miaka ile ngozi zilipokuwa na bei. Ngozi za punda huchemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na ni Februari 2024 tu ndipo Umoja wa Afrika ulipokubaliana kupiga marufuku biashara hiyo. Nikamwambia kuhusu hiyo marufuku. "Vizuri," alisema. "Walionirudishia ni nani?"

20 Septemba

Picha. Nilitaka mbuyu nyuma yake. Mbuyu hauji mezani, kwa hiyo nilibeba ubao wa kukatia nyama hadi nje ya mji, nikauweka juu ya ndoo, nikamwaga udongo niliouchekecha kwa chujio la chai, nikalaza simu usawa wa goti la punda. Mbuyu ukiwa mita mia nyuma na simu iko chini, unakaa kwa kimo chake. Mwanga ulikuwa mzuri kuanzia saa kumi na moja na nusu, dakika ishirini hivi, halafu basi.

Picha sitini na nne. Katika thelathini kuna unyasi mmoja mkavu niliouona nyumbani, upana wake kama ubao wa mlango. Katika nyingine upepo umemlaza kifudifudi. Moja ina jogoo wa watu. Zimebaki tatu, nimetuma mbili: moja daraja la punda, linaloangalia umbo la mwili, moja daraja la kazi.

18 Oktoba

Matokeo. Daraja la punda: wa tatu kati ya kumi na mmoja! Mwamuzi ameandika sentensi mbili, ya kwanza inasifu miguu ya nyuma kutokuwa na sugu. Niliisoma nimesimama jikoni, nikamsomea mwanangu, nikamsomea na mama wa kwaya.

Daraja la kazi sikuambulia kitu. Maoni: hatamu iko wapi, nani anamwongoza mnyama huyu, na mzigo unaonekana kuzidi uwezo wake.

Kwa hatamu nimekasirika, lakini kosa ni langu. Punda hawa hawaongozwi kwa mdomo. Anatangulia, mtu yuko nyuma na fimbo, na kona anazijua kuliko mwenye fimbo. Mwamuzi angelijuaje? Sheria inaruhusu kadi ndogo ya maelezo kando ya sanamu, mimi nikaiona ni ya watu wa michezo ya farasi ya Kizungu, ile yenye majina marefu ya hatua. Ninayepaswa kuandika kadi kuliko wote ni mimi.

Kwa mzigo, sina cha kubishana. Madumu manne ni kilo 80 za maji. Punda wa kimo kile anaweza kuwa na kilo 140 hivi, na kipimo kinachofundishwa cha mzigo wa mgongoni ni kama theluthi ya uzito wake. Madumu mawili, basi. Niliipeleka hesabu hii kwa mzee, kwa heshima zote, nikiwa nimeiandika kwenye karatasi.

Aliisikiliza yote. "Mawili ni sawa kabisa kwa punda," alisema. "Na mimi nile nini?" Akasogeza gunia lililokuwa limekunjika chini ya dumu, akalinyoosha kwa kiganja. Kisha akaniambia ana mpango wa mkokoteni. Fundi wa Chang'ombe ameshampa bei ya ekseli ya gari bovu na matairi mawili, na kwa mkokoteni punda anavuta hata madumu kumi bila mgongo kuguswa. Anadunduliza tangu mwaka jana.

Nimeondoa madumu mawili, nimeyaweka chini, wazi, kando ya kwato, kama yanayosubiri zamu. Sijaridhika na hilo, linaonekana kama udanganyifu.

Kwa hiyo mkokoteni. Tairi la gari dogo, kipenyo sm 56, kwa tisa ni sm 6.2. Nimepima kila kitu cha duara humu ndani. Kifuniko cha kopo la siagi ya karanga kina sm 6.3, na ukingo wake una mistari kama ya tairi. Ninacho kimoja. Tangu jana tunakula mkate na siagi ya karanga asubuhi na jioni, na mwanangu ameanza kuuliza maswali.